Mgebuka wa mawese nyuma ya soko la Mwanga

Mimi nimekulia Tabora, na samaki wa Ziwa Tanganyika niliowajua utotoni walitufikia wakiwa wakavu. Dagaa walikuja na treni kwenye magunia. Migebuka walikuja wamekunjamana, mama akawaloweka usiku kucha kabla ya kuwaunga kwa karanga. Nilipohamishiwa Kigoma kikazi mwanzoni mwa 2023 nilijua kabisa kwamba mgebuka namfahamu. Kumbe sikuwa nimemwonja.

Mgahawa ninaouzungumzia hauna bango. Uko nyuma ya soko la Mwanga: chumba kimoja cha tofali za kuchoma, kibaraza cha bati, meza nne na mabenchi. Ukiulizia kwa mama wa mawese utaonyeshwa. Mama mwenyewe yuko jikoni na majiko mawili ya mkaa, binti yake anahudumia. Nilipelekwa na dereva wa bodaboda siku niliyomuuliza yeye hula wapi mchana.

Agiza mgebuka wa mawese kwa ugali wa muhogo. Siku moja nilifika mapema, jiko ndiyo kwanza linashika moto, nikasimama mlangoni nimwangalie anavyopika. Samaki walikuwa kwenye beseni, wembamba, wanang'aa kama fedha, bado macho yao maangavu. Akawachanja mara tatu kila ubavu, akawapaka chumvi na ndimu, akawaacha. Chupa ya mawese ilikuwa imeganda kwa ubaridi wa asubuhi, ikabidi aisimamishe juani kwanza mpaka ilainike. Hapo kwenye mafuta ndipo anapotofautiana na wapishi wengine wengi. Wengine huyachoma mawese mpaka yapauke na moshi ujae chumba, wanasema wanatoa harufu. Yeye anangoja povu litulie tu, kisha anatia kitunguu, na ule wekundu unabaki vilevile.

"Mwanangu, mawese ukiyachoma umeyaua," aliniambia, macho yako kwenye sufuria.

Ukiletewa sahani, kula hapohapo. Mchuzi ni mzito, unashika midomoni, ndimu inaukata uzito wake usikukinai. Minofu ya mgebuka mbichi inaachia mfupa yenyewe ukiigusa kwa kidole, mabapa kwa mabapa, myeupe ndani na myekundu pembeni ulikoingia mchuzi. Ugali wa muhogo unavutika, unamega tonge, unachovya, unameza. Ukikaa unachezea simu, mafuta yanaanza kuganda ukingoni mwa sahani na utakuwa umejidhulumu. Pembeni huwekwa sombe kidogo, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa kwenye kinu hapo nyuma, ukisikiliza unausikia mchi. Sahani nzima sasa ni shilingi 5,000. Nilipoanza kula pale ilikuwa 4,000, na sijaona samaki akipungua.

Lakini utamu peke yake usingenifunga pale miaka yote hii, maana Kigoma hakukosekani mtu anayejua kupika samaki. Kinachonirudisha ni kwamba hawadanganyi mteja. Wavuvi wa huku huingia ziwani usiku na taa, dagaa wanaufuata mwanga, na migebuka wanawafuata dagaa kuwala. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, mitumbwi inalala ufukweni Kibirizi siku kadhaa, samaki wabichi wanaadimika. Siku hizo binti anakuwahi kabla hujakaa: "Kaka, leo mgebuka ni wa barafu, wa tangu juzi. Maharage yapo, na sombe." Uamuzi unabaki wako. Mimi huchukua sombe.

Mwaka 2024, serikali ilipolipumzisha ziwa kwa kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mama hakupika mgebuka kabisa. Miezi mitatu alitulisha maharage, kuku wa kienyeji na dagaa wakavu aliokuwa ameweka akiba. Najua alipoteza wateja, kwa sababu benchi letu lilipungua watu. Mwezi wa Juni mwaka huohuo, sehemu nyingine mjini, niliuziwa samaki nikaapiwa kwamba ametoka ziwani alfajiri. Nyama yake ilikuwa inavunjika kama mkate uliolala. Iliniuma sana. Pesa zilikwisha kwenda, lakini kilichoniuma zaidi ni kuonekana mtu wa kuja nisiyejua kitu.

Kasoro zipo na nitazisema. Wali wao usiagize, unatoka bokoboko. Maji ya kunawa ni ndoo moja yenye koki, na saa saba mchana watu mnapanga foleni mikono hewani. Ukifika baada ya saa nane unaweza kukuta vichwa tu. Halafu kuna siku nilikula dagaa wenye mchanga, ile ya kung'ata ukasikia kwenye meno mpaka kichwani. Nikamwita binti, binti akamwita mama. Mama akachukua dagaa mmoja kwenye sahani yangu, akatafuna, akaondoa sahani bila neno, akarudi na mayai mawili ya kukaanga, na pesa akakataa. Aliyemuuzia alikuwa ameanika chini kwenye mchanga. Tangu siku hiyo ananunua wa kichanja peke yake, waliokaushwa juu ya nyavu. Ni ghali zaidi, na aliongeza 500 kwenye sahani ya dagaa. Ninailipa kwa moyo mweupe.

Mwezi wa nne mama yangu alinitembelea, akaja na treni kutoka Tabora. Nikampeleka. Alimgeuza mgebuka upande huu na huu, akamnusa, akauliza kama kweli ndiye yuleyule wa kuloweka. Alipoonja alinyamaza mpaka akafikia kichwa, na kichwa akakimaliza. Kisha akaingia jikoni bila kukaribishwa. Wakaamkiana, wakaulizana watoto, nikawaacha. Nilichosikia baadaye ni kicheko na mchi.

Alirudi Tabora na dumu la lita tatu la mawese alilochaguliwa na mwenyeji wake pale sokoni. Wiki ilipopita akanipigia simu alfajiri ana wasiwasi, mafuta yamekuwa mazito hayamiminiki, tumeuziwa mabovu?

Nikamwambia, mama, liweke dumu juani.