Siku mbili Ruaha kwa gari la kukodi kutoka Iringa: dereva wa kusifiwa, mkataba wa kusomwa kwa makini

Mwishoni mwa Oktoba familia yetu ilikodi gari na dereva mjini Iringa kwa safari ya siku mbili katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, ambaye ameishi Iringa kwa zaidi ya miaka sitini bila kuwahi kuvuka lango la hifadhi hiyo. Jina la kampuni nitaliacha, kwa kuwa makosa niliyoyaona kwake nimeyasikia pia kwa majirani waliokodi kwingine.

Tulilipa shilingi 1,100,000 kwa gari zima, pamoja na mafuta, dereva na posho yake. Viingilio na malazi katika mabanda ya hifadhi pale Msembe tulivilipia wenyewe, na anayekwenda kwa mara ya kwanza ajue kwamba malipo hayo hufanywa kwa benki, simu au kadi, si kwa noti mkononi langoni. Kwa kuwa raia hutozwa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, sehemu kubwa ya gharama ya Mtanzania ni gari, na hapo ndipo mtu anapopaswa kuuliza maswali mengi kabla ya kutoa fedha.

Gari lilikuwa Land Cruiser ndefu yenye paa la kunyanyuka, la siku nyingi lakini lenye injini nzima. Dirisha moja la upande wa kushoto halikufunga mpaka juu, na mbung'o waligundua kasoro hiyo kabla yetu. Hakuna aliyetuonya kwamba mbung'o huvutwa na nguo za bluu na nyeusi, kwa hiyo mwanangu wa kiume, aliyevaa sweta la shule la bluu, aliumwa kwa niaba yetu sote hadi alipolivua. Onyo hilo lingeweza kutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu siku moja kabla, bila gharama ya maana.

Kosa lililoniudhi zaidi ni la muda. Tulikubaliana kuondoka saa kumi na moja alfajiri, lakini gari lilifika saa moja na robo, na maelezo yakawa ya pancha. Kuchelewa kwa namna hiyo katika safari ya Dodoma kungekuwa usumbufu tu, ila kwa Ruaha ni kupoteza kitu ulichokilipia, maana hifadhi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, barabara ilikuwa ya vumbi kwa sehemu kubwa, na kufikia saa nne jua la Oktoba huwa limekwisha kuwasukuma wanyama kivulini. Kwa sababu ya haraka hiyo tulipita Kalenga bila kusimama, mahali palipohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mama, ambaye ni Mhehe wa kuzaliwa, aligeuza shingo akaliangalia eneo hilo mpaka vumbi lilipolifunika, na hakusema kitu kwa muda mrefu. Baada ya hapo njia inayopitia Idodi na Tungamalenga ilitutikisa kama mchele kwenye ungo.

Ukivuka daraja la Ibuguziwa, mambo hubadilika. Msimu huo Mto Ruaha Mkuu ulikuwa umebaki madimbwi, na viboko walikuwa wamebanana katika maji ya rangi ya chai ya maziwa, huku mamba wakiwa wamelala kwenye mchanga hatua chache tu kutoka kwao. Dereva, kijana wa Iringa anayeijua hifadhi vizuri, alitueleza kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huu ulitiririka mwaka mzima, na kwamba tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi, hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu na kukauka kwa ardhi oevu ya Ihefu. Usangu na Ihefu viliunganishwa na hifadhi mwaka 2008, na eneo lake likazidi kilomita za mraba 20,000, lakini mto bado haujarudi kama ulivyokuwa. Maneno hayo yalitufikia tukiwa tumepakata hotipoti ya wali wa mchele wa Mbarali, yaani wa bonde hilohilo la Usangu, na mume wangu aliifunga polepole kana kwamba amefumaniwa.

Alasiri ya siku ya kwanza niliona udhaifu ambao nadhani ni wa biashara hii nzima. Simu ya upepo ilitaja simba, na dereva wetu, ambaye mpaka hapo alikuwa akiendesha kwa utulivu, akaongeza mwendo hadi ukomo wa kilomita 50 kwa saa unaoruhusiwa, akawapita tandala wakubwa wawili waliosimama chini ya mgunga na pembe zao za msokoto, akaenda kuungana na magari mengine sita yaliyomzunguka simba jike aliyelala. Tuliona masikio na tumbo. Watoto walipiga picha za masikio. Ruaha ni miongoni mwa hifadhi chache ambako tandala mkubwa na tandala mdogo wanaishi pamoja, kwa kuwa uoto wa kusini na ule wa mashariki mwa Afrika unakutana hapo, na kuwapita kwa ajili ya tumbo la simba aliyelala ni hesabu isiyonikaa. Jioni nilimwambia dereva kwamba kesho hatutafuti simba. Alicheka kwa namna ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Kesho yake alitupeleka Mwagusi, mto wa mchanga ambao kiangazi huwa hauna tone la maji juu. Njiani tulipita mibuyu iliyochunwa magome na tembo hadi ikawa na viuno vyembamba. Kwenye kona moja ya mto alizima injini. Tembo jike alikuwa akichimba mchangani kwa mguu wa mbele, kisha akaingiza mkonga na kutoa mchanga uliolowa, akaumwaga pembeni, akasubiri.

“Mama, tukivumilia kidogo atamnywesha na mwanawe,” dereva alisema.

“Zima tu, mwanangu, sisi hatuna haraka,” mama akajibu.

Maji yalipojaa kwenye shimo, tembo aliyavuta na kuyapuliza kando, yakawa tope jembamba hewani, na ndipo mara ya pili akanywa. Mama alishika kingo ya dirisha lile bovu, akasema kwamba hata wao utotoni, walipochota maji kwenye visima vya mchangani, walimwaga yale ya kwanza. Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Tembo walipoondoka, nyani waliokuwa wakisubiri mtini walishuka wakayatumia mashimo yaleyale. Kwa saa hiyo moja, dereva yule alistahili kila shilingi tuliyolipa.

Mkataba, kwa upande wake, ulikuwa na kifungu ambacho hatukusomewa. Gari lilikuwa na kikomo cha kilomita 350 kwa safari nzima. Ukitoa zaidi ya kilomita 200 za kwenda na kurudi, mizunguko ya siku mbili inabakiwa na chini ya 150, na mwenye gari alipopiga simu mchana kuuliza kilomita, dereva alilazimika kuacha njia ya kuelekea Mto Mdonya ambayo alikuwa ametuahidi. Tulirudi tukiwa tumezidisha kilomita 22, tukadaiwa fedha za ziada. Mume wangu aliomba saa mbili na robo za kuchelewa zihesabiwe pia, na baada ya mazungumzo ya nusu saa, mama akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisi na kanga yake imejaa vumbi jekundu, madai yakafutwa.

Tunarudi mwakani mwezi Juni, wakati mto ukiwa bado na maji. Dereva tumekwisha kumwomba kwa jina, kilomita 500 zitaandikwa kwenye karatasi kabla ya malipo, na mama ametaka gari lisimame Kalenga kwanza.