Maji ya dumu la lita 18.9 kwa nyumba za Arusha: yanastahili hela yake?

Kwa nyumba nyingi za Arusha na Meru, kununua maji ya kunywa si anasa. Maji ya chini ya ardhi huku hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi, na baadhi ya vyanzo huvuka miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Ndiyo sababu ya yale mabaka ya kahawia kwenye meno ya watu waliokulia huku.

Hapo ndipo dumu linapolishinda bomba. Vijidudu unaviua kwa kuchemsha, floraidi haifi. Maji yakichemka yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo kila lita iliyosalia inabeba nyingi kuliko mwanzo. Vidonge vya klorini navyo haviigusi. Anayeishi mahali ambapo shida ni vijidudu tu, achemshe maji yake ya bomba na hela abaki nayo. Ila hapa Arusha, nyumba yenye watoto wa chini ya miaka minane, umri ambao meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, tunaishauri inunue bila kusita.

Inunue ya kupikia pia. Sufuria ya maharage inayochemka saa mbili na kuongezwa maji ya bomba mara tatu inarudisha kile kile ulichokikwepa kwenye glasi. Magadi ya kulainishia makande ni mabaya zaidi, maana yenyewe yana floraidi nyingi. Loweka maharage usiku kucha, magadi yaache. Kuoga, kufua na kudeki, bomba linatosha kabisa.

Sasa, dumu lenyewe. Kiwanda kinachovuta maji kwenye kisima cha miamba hiyo hiyo ya volkano lazima kiyachuje kwa mtambo wa utando, ndio unaoitwa RO. Soma lebo, tafuta mstari wa floraidi wenye namba. Usipouona, muulize muuzaji. Kile kipimo kidogo cha TDS wanachochovya mbele ya mteja kinaonyesha jumla ya chumvi tu, hakikuambii floraidi ni kiasi gani. Angalia pia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tarehe, na sili isiyoguswa shingoni. Dumu lililoanikwa juani dukani liache, maana mwanga huleta ukijani ndani.

Dispensa, ile mashine ya koki unayolipindulia dumu juu yake, ndiyo inayoharibu maji mazuri. Futa shingo ya dumu kwa kitambaa safi kabla ya kulipindua. Kila baada ya miezi mitatu chomoa umeme, mwaga maji yote, kisha weka kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya majimaji ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato, kwenye lita nne za maji, yamimine ndani ya dispensa, yakae dakika tano, na usuuze mpaka harufu iishe. Swichi ya maji moto usiiwashe kabla maji hayajatoka kwenye koki nyekundu, kwani tangi tupu linaunguza hita.

Ukikuta maji yamefurika sakafuni, usikimbilie kulaumu dispensa. Mara nyingi dumu lina ufa mwembamba kama unywele, hewa inaingia na maji yanashuka bila kizuizi. Weka dumu jingine. Mvujo ukikoma, lirudishe lile la kwanza dukani ubadilishiwe.