Uzoefu wangu na gereji ya Ndeeba inayopima kabla ya kubadilisha: mkanda wa taimingi kwenye Corona ya zamani

Tathmini hii inahusu zaidi kazi ya kutafuta tatizo kuliko kazi ya kubadilisha vipuri. Katika gereji nyingi za Kampala mteja hulipia kipuri na ufundi wa kukifunga, lakini kutambua kilichoharibika huhesabiwa kuwa ni bure, na kwa sababu hiyo hufanywa kwa kubahatisha. Gereji ndogo niliyoitumia Ndeeba hutoza shilingi 50,000 kwa upimaji peke yake, hata kama mwenye gari ataamua kwenda kutengeneza kwingine. Baada ya kuwapelekea Toyota Corona yangu ya 1994 yenye injini ya 4A-FE, naiona bei hiyo kuwa ya haki.

Gari lilizimika ghafla kwenye barabara ya Jinja, karibu na Mukono, bila mlio wala moshi. Stata iliendelea kuizungusha injini, tena kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule uzito unaosikika kila pistoni inapobana hewa. Fundi wa kwanza aliyekuja barabarani alichomoa plagi, akaona haitoi cheche, akaamua kwamba koili, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, imekufa. Koili nyingine ilipofungwa bila mafanikio, akaanza kuilaumu pampu ya mafuta. Hapo ndipo nilipoomba gari livutwe hadi Ndeeba.

Fundi wa Ndeeba alianza kwa maswali kabla ya kugusa spana. Alitaka kujua kama injini ilikatakata kabla ya kuzimika, kwa kuwa gari linalokosa mafuta mara nyingi hupungukiwa nguvu na kusitasita kwanza, ilhali mkanda wa taimingi, yaani ule wenye meno unaounganisha krankishafti ya chini na kamshafti ya juu inayofungua vali, ukishindwa, injini hufa papo hapo. Kisha alifungua kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi, na kumwambia msaidizi wake apige stata kidogo. Rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, haikutikisika hata kidogo. "Ssebo (bwana), usinunue kitu kwanza," aliniambia, akanieleza kwamba kwenye injini hii distribyuta huzungushwa na kamshafti, na kamshafti huzungushwa na mkanda. Mkanda usipofanya kazi, rota husimama na cheche hazigawiwi kwenye plagi, hata koili ikiwa nzima kabisa. Kwa maneno mengine, kukosekana kwa cheche kulikuwa dalili tu, na fundi wa kwanza aliichukua kuwa ndiyo ugonjwa.

Sehemu iliyonivutia zaidi ilifuata. Kifuniko cha juu cha taimingi kilipotolewa, mkanda ulionekana mzima na umekaza, kiasi kwamba mtu mwenye haraka angekirudisha kifuniko na kutafuta kosa mahali pengine. Yeye aliweka spana kwenye bolti ya krankishafti, akaizungusha kwa mkono huku mimi nikitazama puli ya kamshafti: chini kulizunguka, juu kukatulia. Walipofungua upande wa chini tukaona meno ya mkanda yamenyolewa pale unapopita kwenye puli ya kranki, na mpira wake umelainika kwa oili iliyokuwa ikivuja kwenye sili ya mbele, yaani mpira unaozuia oili isitoke. Mkanda haukuwa umekatika, ila haukuwa tena na meno ya kushikia.

Niliogopa vali zimepinda, kwani kwenye injini nyingine mkanda ukishindwa pistoni hugonga vali zilizo wazi. Kwenye 4A-FE pistoni haifiki zilipo vali hata kamshafti ikisimama, lakini mwenye Subaru yenye injini ya EJ25, au mwenye injini ya dizeli, asijipe matumaini hayo. Hata hivyo walipima kompresheni (nguvu ya kubana hewa) ya silinda zote nne baada ya kufunga mkanda mpya, wakaniandikia vipimo kwenye karatasi.

Vipuri nilivinunua mwenyewe Kisekka, soko la vipuri vya magari: mkanda, tenshena ya kuukaza, sili ya kranki na sili ya kamshafti. Pampu ya maji hawakuniambia niinunue, kwa kuwa kwenye injini hii haiendeshwi na mkanda wa taimingi. Nimewahi kuona mafundi wasiosema hivyo. Baada ya kulinganisha alama za taimingi kwenye puli, waliizungusha kranki mizunguko miwili kamili kwa mkono na kuzikagua tena kabla ya kugusa stata. Toyota hushauri mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000, lakini magari yetu yaliyotumika Japani hufika na kipimo cha kilomita ambacho huwezi kukiapia, na kibandiko cha Kijapani kinachoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, ambacho pengine hukutwa chini ya boneti, kwangu hakikuwapo. Fundi aliandika kilomita na mwezi kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko.

Mapungufu yapo. Hakuna mahali pa kukaa penye kivuli, na makadirio ya gharama hutolewa kwa mdomo mpaka uombe karatasi. Mkanda wa alteneta waliukaza kupita kiasi, ukawa unalia kila asubuhi. Nilirudi, wakaulegeza bila malipo na bila ubishi. Nimewapa nyota nne kati ya tano, na iliyobaki nimeizuia kwa sababu ya mkanda huo wa alteneta, kwani kukaza kwa namna ile huua beringi za alteneta.