Cosmos ya Sagan au ya Tyson?

Cosmos ni kipindi cha TV cha mfululizo kuhusu anga na sayansi. Ukitaka kuanza na moja, ipi? Ya Carl Sagan ya 1980 au ya Neil deGrasse Tyson ya 2014? Zote zina episodi 13 na Ann Druyan kashiriki kuandika zote mbili, kwa hiyo mifupa inafanana.

Kwa picha Tyson kashinda, hilo halina ubishi, na mtoto umwekee hiyo hiyo. Lakini Sagan jamani! Anaongea polepole, ananyamaza, anakuachia nafasi uwaze, halafu kumbuka huyu alikuwa mtafiti wa sayari kabisa, kafanya kazi kwenye misheni za vyombo vya anga vya Viking na Voyager, so akikuelezea Mars anakuelezea kazi ya mikono yake. Tyson naye anaeleweka sana ila ile katuni ya Giordano Bruno mi sikuipenda, imemfanya kama shujaa wa sayansi wakati jamaa alikuwa zaidi mwanafalsafa.

Kinachonigusa ni kwamba 1975 Tyson akiwa na miaka 17 alienda chuo kikuu cha Cornell, Marekani, alikokuwa anafundisha Sagan, Sagan akampokea mwenyewe, na theluji ilivyokuwa inaanguka akampa namba ya simu ya nyumbani, basi likikwama aende akalale kwake.

Mi naanza na Sagan, usiku, taa nimezima.