Thonny imenifundisha nilichoshindwa kuelewa kwenye kozi ya laki na nusu: uzoefu wangu

Nianze na hela maana ndo inayouma. Mwaka jana nililipa laki moja na nusu kozi ya programing, wiki sita, jioni jioni nikishafunga duka, jina la sehemu naliacha. Mwalimu kijana mzuri tu hana shida na mtu, ila kila siku anaandika ubaoni maneno, variabo ni hivi, stringi ni hivi, fankisheni ni hivi, sisi tunanakili kwenye daftari kama tuko darasa la nne. Wiki ya tatu naweza kukutajia maana ya variabo huku nimefumba macho lakini ukinipa kompyuta nakaa naiangalia na yenyewe inaniangalia. Nyumbani nikamwambia mama nasomea kuandika kodi, akafurahi sana, akadhani nakaribia kupata kazi TRA.

Kilichoniokoa ni kitu cha bure kabisa. Jamaa mmoja wa kozini aliniambia achana na daftari, shusha Thonny. Ni programu ya kuandikia Python, yaani lugha ya kuipa kompyuta maelekezo, imetengenezwa chuo kikuu cha Tartu kule Estonia makusudi kwa ajili ya watu wanaoanza, na ukiiweka inakuja na Python yake humo humo huhangaiki kuweka vitu viwili. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM GB 4, feni inalia kama mashine ya kusaga, na bado inakimbia vizuri tu. Ukifungua unakuta sehemu ya kuandika juu, sehemu ya majibu chini, basi. Sio zile programu nyingine unafungua unakutana na vitufe kama umeingia kwenye chumba cha rubani.

Sasa utamu uko wapi. Kuna kisanduku pembeni unakiwasha kwenye menyu ya View, kinaitwa Variables. Mi nina duka la rejareja hapa Tanga kwa hiyo programu yangu ya kwanza ilikuwa kujumlisha bei, mteja kachukua sukari ya 2800 na sabuni ya 700. Nikaandika bei1 = input() na bei2 = input(), hiyo input inasubiri mtu aandike kitu, alafu print(bei1 + bei2) ioneshe jumla, nikabonyeza F5 kuiendesha, nikaingiza namba zangu, jibu likaja 2800700. Milioni mbili na laki nane na mia saba jamani, kwa sukari na sabuni! Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini.

Kozini ningeambiwa "input inarudisha stringi" nikaandika kwenye daftari nikaenda kulala. Humu nikaangalia kile kisanduku nikaona bei1 imeandikwa '2800', ina vialama vya nukuu huku na huku. Kumbe kwa Python hiyo sio hela, ni maandishi, herufi ya 2 na ya 8 na sifuri mbili zimekaa kwenye foleni, na ukijumlisha maandishi mawili yanaunganishwa tu kama mabehewa. Nikaizungushia int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, ikawa int(input()), nikarudia, vile vialama vikapotea kwenye kisanduku na jibu likaja 3500. Hapo ndo neno stringi (maandishi) na neno intija (namba nzima) yakaingia kichwani na hayajatoka tena. Tofauti nimeiona kwa macho, ni vijialama viwili vidogo.

Kitu kingine, kuna kitufe kina picha ya mdudu, hicho ni cha dibagi, yaani kusaka makosa kwenye programu. Ukikibonyeza programu haikimbii moja kwa moja, inatembea hatua kwa hatua kila ukibonyeza F7, yaani unaona kabisa inachukua bei1 inaibadilisha kuwa namba, inachukua bei2, inajumlisha, kila kipande kinageuka kuwa jibu lake mbele yako. Na ukiita fankisheni inakufungulia kidirisha kipya cha hiyo fankisheni, ikimaliza kidirisha kinafungwa na jibu linarudi pale ilipoitwa. Wiki mbili nimehangaika na "fankisheni inapokea na kurudisha", kumbe ni kama kumtuma dogo dukani kwa jirani, unampa hela, anapotea kidogo, anarudi na chenji, we uko pale pale unamsubiri. Nusu saa nimeelewa. (Na kuhusu mdudu, mwalimu alituambia neno bagi, yaani mdudu kwa Kiingereza, kwa maana ya kosa la kompyuta lilianza 1947 walipokuta nondo kwenye kompyuta ya Harvard. Nondo alikuwepo kweli, ila mafundi walikuwa wanaita hitilafu hivo tangu enzi za Edison huko karne ya 19, ndo maana waliona inachekesha kumkuta mdudu wa kweli. Nimeshindwa kujizuia kulisema hili.)

Tukirudi kwenye variabo. Kila mtu anakwambia ni boksi la kuwekea vitu. Nilikubali mpaka siku naandika daftari la madeni. Nikaweka madeni kwenye listi, nikaandika nakala = madeni ili niwe na akiba, nikafuta majina ya waliolipa kwenye madeni, kucheki nakala na yenyewe majina hamna! Ingekuwa maboksi mawili lile la pili lingebaki salama. Nikawasha kidirisha cha Heap, kipo hapo hapo kwenye View, nikakuta neno madeni na neno nakala yote mawili yanaelekeza kwenye listi moja ile ile. Mi mwenyewe dukani naitwa Mangi, sio Mchaga ni Mdigo wa hapa hapa ila mwenye duka ni Mangi tu, nyumbani naitwa Baba Asha. Ukimnyoa Mangi usitegemee Baba Asha abaki na nywele. Dawa yake niliandika nakala = madeni.copy() na ikakaa sawa. Kwa hiyo mi mtu akiniuliza namwambia variabo ni jina, sio boksi, na hilo jina unalitunga mwenyewe hata Kiswahili, bei, jumla, mteja, Python haijali. Kozini tulikuwa tunaandika x na y, nilijua ni lazima.

Lupu sina mengi, inarudia rudia, basi. Ila ujue range(5) inaanza sifuri inaishia nne, mi risiti zangu za kwanza zilikuwa na "Mteja 0". Na ukiandika while, ile lupu inayorudia mpaka sharti lake liishe, ukasahau kuiwekea mwisho itamwaga maandishi mpaka kesho, bonyeza kile kitufe chekundu cha Stop upumue.

Ambayo hayajakaa sawa kwangu: ni Python tu, kama unataka kutengeneza tovuti utahitaji vitu vingine. Na ni ya kompyuta, Windows, Mac au Linux, mwenye simu peke yake hapa hapati kitu. Tena erori zinakuja kwa Kiingereza, ila ukizoea unaangalia tu namba ya mstari na neno linaloanza mstari wa mwisho, NameError mara nyingi ni umekosea spelingi, IndentationError ni nafasi za mwanzo wa mstari hazijalingana. Ukisahau kufunga mabano inakupakia rangi pale yalipoanzia, hii imeniokoa mara nyingi sana.

Thonny naipa nyota nne na nusu. Klasi, zile za kutunga aina zako mwenyewe za vitu kwenye Python, bado zinanisumbua, hizo sijui kama kuna kisanduku cha kunisaidia.

Kama unaishusha leo ingia thonny.org, na nakuomba faili lako usiliite random.py. Nilitaka kuchagua mteja mmoja wa kumpa zawadi ya sikukuu kwa bahati nasibu, nikaita faili random.py na ndani nikaandika import random, yaani niitie ile random ya Python ya kuchagua kwa bahati, ikawa inajiita yenyewe badala ya ile ya Python, erori juu ya erori, Jumapili nzima imeenda na mteja zawadi yake nikaichagua kwa vikaratasi kwenye kofia.