Nusu Saa ya Ushauri na Kikapu cha Vifaa vya Urembo

Katika kikapu cha ukili nilichokwenda nacho kliniki mlikuwa na mashine ya mwanga ya kuondolea nywele, barakoa ya taa za rangi, rola ya sindano, brashi ya umeme ya kusafishia uso na vikopo viwili vya krimu visivyo na maandishi yoyote. Nilivikusanya kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, vingine nikivinunua soko la Darajani hapa Unguja, vingine vikiletwa na jamaa wanaokwenda na kurudi Dubai na Maskati, na nilipojumlisha bei zake usiku wa kuamkia miadi niliona kwamba nimeshatoa zaidi ya shilingi laki saba. Ushauri wenyewe wa daktari wa ngozi, ambao ndio ninaouandikia tathmini hii, uligharimu shilingi 30,000. Laiti ningelianza na huo, nisingelikuwa na alama sita za mstatili kwenye muundi wa mguu wa kushoto, zilizopangana kama stempu juu ya bahasha.

Kliniki siitaji jina, kwa kuwa nina ya kuisifu na ya kuilaumu, na daktari wake ni mmoja tu. Ni ya vyumba viwili, upande wa Ng'ambo, si mbali na majumba ya Michenzani. Miadi yangu ilikuwa saa nne asubuhi; niliitwa saa tano na dakika ishirini. Benchi la kungojea limeelekezwa dirishani, na dirisha linatazama njia, kwa hiyo kila jirani anayepita hukuona, hukusalimu, na jioni hukuuliza unaumwa nini. Kwa huduma ambayo watu huijia na mambo ya nyuso zao na miili yao, pazia la shilingi elfu chache lingeondoa aibu kubwa.

Daktari ni mwanamke wa makamo aliyesomea magonjwa ya ngozi Moshi, kwenye kituo cha mafunzo kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, ambacho pia hutengeneza mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nilitaka kumwaga kikapu mezani mara moja. Akanizuia.

"Bi mkubwa, kabla hatujafungua kikapu, niambie: hizi nywele za kidevuni zilianza lini, na siku zako zinakuja vipi?"

Niliona ni udadisi, kumbe ndilo swali lililonifaa kuliko yote. Nywele nene zinapoota ghafla kidevuni kwa mwanamke, alinieleza, huenda zikawa zinatokana na mabadiliko ya homoni, na kuna maradhi ya vifuko vya mayai yanayojionyesha kwanza kwa njia hiyo. Hapo mashine hata iwe ya bei gani itakuwa inakata majani na kuacha mzizi. Mimi nina miaka 47 na hedhi imeanza kuyumba, kwa hiyo hakuona la kutisha, ila aliandika kipimo cha damu. Kisha akachukua kioo cha kukuzia, akanigeuza kuelekea kwenye mwanga na kuhesabu nywele kwa sauti, kama mtu anayehesabu chenji. Zilikuwa kumi na saba. Tisa kati yake zilikuwa nyeupe.

Hapo ndipo somo la mashine ya mwanga lilipoanza, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho kifaa ninachokiona kikinunuliwa zaidi kuelekea misimu ya harusi. Mwanga wa mashine hizi hautafuti nywele. Unatafuta melanini, yaani ile rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele. Rangi ikinasa mwanga, mwanga hugeuka joto, na joto likishuka hadi kwenye mzizi huudhoofisha usioteshe tena kwa muda. Unywele mweupe hauna rangi, kwa hiyo mashine haiuoni kabisa. Kwa nywele zangu tisa nilikuwa nikimulika bure. Lakini ngozi nyeusi nayo ina melanini hiyohiyo, tena nyingi, tena juu kabisa. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi mwanga hupita ngozini na kunaswa na mzizi. Kwa mtu kama mimi mwanga hunaswa njiani, na joto hubaki kwenye ngozi ya juu. Zile stempu sita za mguuni zilikuwa ni umbo la kioo cha mashine, mara sita, kwa sababu nilipohisi moto wa kwanza nilidhani ndiyo dalili kwamba inafanya kazi.

Muuzaji alikuwa ameniambia kwamba inafaa ngozi zote. Daktari aliligeuza boksi na kuangalia ubavuni, palipochapwa safu ya vijisanduku sita vya rangi, kuanzia rangi ya maziwa. Nilimwambia nilishaviona, vyote vina alama ya tiki. Akatia ukucha chini ya stika ya bei ya duka na kuibandua taratibu. Chini yake vilijitokeza vijisanduku viwili vya mwisho, kahawia iliyoiva na nyeusi, vyote vikiwa na msalaba mwekundu. Sitaki kusema kwamba stika ilibandikwa pale kwa makusudi. Nasema tu kwamba boksi lina pande sita, na nafasi tupu zilikuwa nyingi.

Safu hiyo ya rangi ina historia yake. Daktari wa Kimarekani, Thomas Fitzpatrick, aliibuni mwaka 1975 kwa kuangalia jinsi ngozi inavyoungua au kuiva juani, na mwanzoni ilikuwa na ngazi nne tu, zote za watu weupe; ngazi ya tano na ya sita, za ngozi za kahawia na nyeusi, ziliongezwa baadaye. Niliposikia hivyo niliona kwa nini vifaa vingi vinavyofika bandarini kwetu vinatutendea kama wageni waliokuja karamuni bila mwaliko. Kampuni zinazojali huweka kihisi kinachopima rangi ya ngozi na kuifunga mashine isiwake. Yangu haikuwa nacho.

Je, hakuna mwanga unaotufaa? Upo, lakini si wa nyumbani. Leza ya urefu wa mawimbi ya nanomita 1064 huzama chini zaidi na hunaswa kidogo na melanini, na ndiyo madaktari wanayoichagua kwa ngozi nyeusi. Huhitaji awamu kadhaa, kwa kawaida sita hadi nane, zikiachana wiki nne au zaidi, kwa sababu kila awamu huzipata zile nywele tu zilizo katika hatua ya kuota. Kliniki hii haina mashine hiyo, na daktari hakujifanya anayo; alisema wanaotaka huvuka kwenda Dar es Salaam, akaniandikia maswali ya kuuliza nikifika huko: leza ni ya nanomita ngapi, nani ataishika, na kama watanijaribu sehemu ndogo kwanza na kungoja siku kadhaa kabla ya kuendelea. Kwa nywele kumi na saba, aliongeza huku akicheka, uzi wa kunyolea nyusi unatosha. Muuguzi aliyekuwa akipanga faili alicheka pia, na mimi nikakumbuka bei ya mashine.

Barakoa ya taa ilipata hukumu laini zaidi. Mwanga mwekundu wa takriban nanomita 630, na ule usioonekana wa takriban 830, hauunguzi, na upo ushahidi wa kiasi kwamba ukitumiwa mara kadhaa kwa wiki, kwa wiki nyingi mfululizo, husaidia mikunjo midogo na chunusi. Neno ni "kiasi" na "mfululizo". Anayeivaa mara moja kabla ya harusi anacheza tu. Tatizo la barakoa yangu lilikuwa la aina mbili. Kwanza, haikuandikwa popote nguvu ya taa wala urefu wa mawimbi, kwa hiyo huenda ni taa za mapambo zilizowekwa kwenye plastiki. Pili, ina kitufe cha rangi ya buluu, nami ndicho nilichokipenda kwa sababu kisanduku kilisema kinaua vijidudu vya chunusi. Ni kweli mwanga wa buluu hufanya hivyo, lakini kwenye ngozi nyeusi mwanga huohuo unaweza kuamsha rangi, na mimi nina madoa ya mashavuni tangu mimba ya pili. Nilikuwa nikijiwekea kila usiku kile ninachokimbia mchana. Ameniruhusu kuendelea na nyekundu, macho yakiwa yamefunikwa.

Rola haikuchukua dakika tatu. Kwenye mpini imeandikwa milimita 1.5, urefu ambao ni wa kliniki na ganzi, wakati zile zinazovumiliwa nyumbani hazizidi robo ya milimita au karibu na hapo. Chini ya kioo cha kukuzia nilionyeshwa ncha zilizopinda kama ndoana. Aliponiuliza nani mwingine ameitumia, nilinyamaza kidogo kabla ya kumtaja mtoto wa ndugu yangu. Rola hutoa damu, na homa ya ini aina ya B hupita kwa damu. Hakuna kuchemsha wala kupaka spiriti kunakoifanya ifae watu wawili. Ilitumbukizwa palepale kwenye boksi la sindano zilizotumika, na binti nimempeleka kupima. Brashi ya uso haikuwa na kosa, mradi iwe laini na isizidi mara moja kwa siku.

Vikopo viwili vya krimu alivifungua, akavinusa, akavifunga. Sisi sote tunaujua mkorogo, na sote tunaye mtu wetu anayetuambia kwamba wake si mkorogo bali ni "wa asili". Ndani ya vikopo vya aina hiyo mara nyingi hukutwa haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au steroidi kali zinazoifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara, au zebaki, ambayo huharibu figo na mishipa ya fahamu na humfikia hata mtoto anayelala kifuani kwa mama yake. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, mwanzoni uliweka kikomo cha zebaki kwenye vipodozi kuwa sehemu 1 kwa milioni, kisha ukapiga marufuku vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki, na kwetu vipodozi viko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006. Kikopo kisicho na jina la mtengenezaji hakina pa kuulizwa. Aliniambia pia nisiziache ghafla bila kumwona tena, kwa kuwa ngozi iliyozoea steroidi hulipuka ikinyimwa.

Nilimuuliza kuhusu singo, ule msuguo wa mwili wa bibi harusi, maana katika ukoo wetu hakuna harusi bila hiyo, na nilitegemea atanidharau. Hakunidharau. Liwa, asumini na mawaridi hakuwa na ugomvi navyo. Aliniomba nipunguze karafuu, ambayo ikizidi huwasha, nisisugue juu ya alama za kuungua, na nisiongeze ndimu kama anavyofanya somo (kungwi) mmoja ninayemjua, kwa sababu maji ya ndimu yakibaki ngozini na kukutana na jua huacha malengelenge na kisha madoa meusi ya miezi. Jua la hapa, nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, halihitaji msaidizi. Buibui hukinga mwili, uso hubaki. Kwa madoa yangu alipendekeza mafuta ya kuzuia jua yaliyotiwa rangi, kwani rangi hiyo ina oksidi ya chuma inayozuia hata mwanga unaoonekana, ambao mafuta ya kawaida huupitisha. Kipimo chake ni urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo.

Hapo pia ndipo lawama yangu kubwa inapokaa. Mafuta hayo yalikuwa rafuni nyuma ya kiti chake, bila bei, na yeye ndiye anayeyauza. Nilipouliza bei alimwita muuguzi, muuguzi akaenda kuuliza, na jibu likaja 65,000. Siamini kwamba alinidanganya. Siku ya pili niliyakuta mjini kwa bei iyo hiyo. Hata hivyo, mtu aliyetumia nusu saa kukufundisha kutomwamini muuzaji hapaswi kugeuka muuzaji kabla hujasimama. Vilevile ushauri hawauandiki mpaka uombe. Mimi niliomba, nikapewa nusu karatasi yenye mwandiko unaosomeka, na sasa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Nilirudi baada ya wiki kumi, kwa shilingi 15,000. Alama nne zimefifia, mbili bado zipo. Alizipima kwa rula na kuandika. Kipimo cha damu kilikuwa sawa. Safari hii nilingoja dakika ishirini na tano tu, ingawa dirisha bado halina pazia.

Mashine ya mwanga niliirudisha dukani, na muuzaji, kama nilivyotarajia, hakukubali kunirejeshea fedha. Nilimwonyesha vile vijisanduku viwili, kisha mguu. Alitazama kwa muda, akageukia rafu, akateremsha maboksi mawili yaliyobaki, akazibandua stika na kuzibandika upya juu ya kifuniko.