Mazoezi ya dakika 7 nyumbani: nimefanya miezi minne, haya ndo majibu yangu

Niseme mapema kabisa, yanafanya kazi, ila sio kwa dakika saba. Mwenye haraka jibu ndo hilo, mwenye nafasi tuendelee maana nina mengi ya kusema kuhusu hii programu na nataka mtu anayefikiria kuanza ajue anaingia kwenye nini.

Mi nakaa Dar, mtaa wa Tabata Kimanga, kazini kwangu ni Posta, natoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na nikirudi saa mbili usiku siku hiyo nimewahi, foleni ya Buguruni kila mtu anaijua. Nina watoto wawili wadogo. Mwaka jana nilijiunga na jim ya karibu na nyumbani, elfu hamsini kwa mwezi, mwezi wa kwanza nikaenda mara sita, mwezi wa pili mara mbili, wa tatu sikulipa. Jim yenyewe ilikuwa nzuri na mwalimu alikuwa anajua kazi yake, shida ni muda tu, ukishuka kwenye daladala umechoka afu unawaza mtoto hajaoga utaendaje kunyanyua vyuma? Kilichonishtua ni ngazi. Lifti ya ofisini ilikufa wiki nzima, ofisi yetu ipo ghorofa ya nne, nikifika juu nashindwa hata kuitikia salamu, nasimama nimeshika ukuta nahema. Nina miaka 36. Na mama yangu ana presha, kwahiyo hiki kitu kilinikaa kichwani.

Ndo nikaanza na ile programu maarufu ya dakika saba, ile ya mazoezi 12, kila zoezi sekunde 30 afu unapumzika sekunde 10. Wengi wanaiona kwenye aplikesheni za simu wanadhani ilianzia huko, hapana, iliandikwa mwaka 2013 na Brett Klika na Chris Jordan wa kule Orlando, Florida, kwenye jarida la chuo cha madaktari na wataalamu wa michezo cha Marekani, na walikuwa wanawalenga watu wenye kazi nyingi na wanaosafiri sana, mtu yupo hotelini ana kiti na ukuta basi. Mazoezi yenyewe ni kuruka unapanua miguu na mikono, kukaa ukutani kama una kiti, pushapu, kuinua kifua ukiwa umelala chali, kupanda na kushuka kwenye kiti, skwati yani kuchuchumaa na kuinuka, kushuka na kupanda mikono ikiwa nyuma kwenye kiti, planki yani unajinyoosha kifudifudi umejishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu bila kujongea, kukimbia palepale magoti juu, hatua ndefu ya kushuka goti, pushapu ya kugeuka mkono mmoja juu, na mwisho planki ya ubavu. Mpangilio huu una akili sana, hapa nawapa hongera, ukitoka kwenye miguu unaenda mikono, ukitoka mikono unaenda tumbo, kwahiyo miguu inapumzika wakati mikono inafanya kazi ila moyo haupumziki. Ndo maana sekunde kumi zinatosha.

Sasa hesabu. Mazoezi 12 mara sekunde 30 ni dakika 6, mapumziko 11 ya sekunde kumi kumi, jumla unapata dakika 7 na sekunde 50. Sio kubwa hiyo. Kubwa ni kwamba wale waandishi wenyewe walisema mtu anaweza kurudia raundi mbili hadi tatu kutegemea muda alionao, na kwamba inatakiwa ufanye kwa nguvu kweli, sio kwa raha. Hiyo sehemu imepotea njiani. Watu wamebaki na namba saba kwa sababu ndo inauza. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa mwaka 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Ukifanya raundi moja siku sita kwa wiki una dakika kama 47. Hujafika. Ukifanya raundi tatu siku nne una 94, umefika na umezidi. Na kizuri kingine mwongozo huo uliondoa lile sharti la zamani la kwamba lazima ziwe dakika kumi mfululizo ndo zihesabike, kwahiyo vipande vifupi navyo vinaingia kwenye hesabu, ila lazima vijumlishwe vifike.

Nilichofanya mi ni kugawa miezi minne mara mbili. Wiki nane za kwanza raundi moja, siku sita kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaamka. Kabla sijaanza nilijipima, pushapu za magoti nilipiga 4 tu, planki sekunde 20 natetemeka, mapigo ya moyo asubuhi kabla sijatoka kitandani 82, kiuno inchi 38 kwa futi ya fundi cherehani, uzito kilo 79. Nawashauri mjipime hivi na muandike kwenye daftari, maana bila hivyo utakuwa unajitazama kwenye kioo kila siku na kioo hakikwambii kitu.

Baada ya wiki nane: pushapu 11, planki sekunde 50, mapigo 78, kiuno 37 na nusu, kilo 78. Ngazi za ofisini bado nahema. Kwahiyo mikono na tumbo viliitikia haraka sana, na hapa nafikiri mtu yeyote ambaye hajafanya chochote kwa miaka atapata hii faida, mwili ulikuwa umelala ukiugusa kidogo unaamka. Ila pumzi haikubadilika sana, na kuanzia wiki ya tano nilikuwa namaliza raundi sijalowa hata jasho la maana, na hiyo ilikuwa Februari ya Dar, mnajua lile joto. Mwili ulishazoea nikawa napita tu.

Wiki nane za pili nikabadilisha, raundi tatu, siku nne kwa wiki, Jumatatu Jumatano Ijumaa Jumamosi, napumzika dakika moja na nusu kati ya raundi. Dakika 27 hivi ukijumlisha kila kitu. Na nikaacha kuhesabu muda tu nikaanza kuhesabu mara ngapi nafanya ndani ya zile sekunde 30, skwati zilianza 14 zikafika 23. Hapa ndo mambo yalibadilika kweli. Wiki ya tatu tu ya mpango huu nikaona tofauti kwenye ngazi, na sasa hivi napanda ghorofa nne naongea na mtu njia nzima. Mapigo ya asubuhi 70. Planki dakika moja na sekunde 40. Pushapu za magoti 22 na zile kamili za vidole vya miguu napiga 6, jambo ambalo toka nizaliwe sijawahi kufanya hata moja, nilipopiga ya kwanza nilimuamsha mume wangu nimuoneshe.

Kuna watu watasema mbona kuna utafiti unaonesha dakika chache zinatosha. Ni kweli upo, ila msikilize ulivyofanywa. Kuna huu wa Tabata, na hapa lazima niseme maana huku mtaani kwetu wanaamini jina limetoka kwetu, hapana, Izumi Tabata ni mwanasayansi wa Japani, mwaka 1996 alitoa matokeo ya watu waliopanda baiskeli ya kusimama, sekunde 20 kwa nguvu zote na 10 za kupumzika, mizunguko 7 au 8 hadi mtu anashindwa kabisa kuendelea, kwa wiki sita, na pumzi zao ziliongezeka sana. Dakika nne tu. Ila hao walikuwa vijana wenye mazoezi tayari na walikuwa wanakanyaga mpaka mwisho wa uwezo. Kuna mwingine wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Canada mwaka 2016, wanaume wasiofanya mazoezi, siku tatu kwa wiki kwa wiki 12, kila siku dakika kumi ambazo ndani yake kuna sekunde 20 mara tatu za kukanyaga kama unafukuzwa, na uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda asilimia 19, sawa na wenzao waliokuwa wanakanyaga taratibu dakika 45. Mi naamini haya matokeo. Ila nguvu zote kwenye baiskeli ya maabara huku mtu anakusimamia sio sawa na mimi sebuleni alfajiri nina usingizi. Ufupi wa muda unalipwa kwa ukali, ukipunguza vyote viwili hupati kitu.

Kuhusu tumbo, maana hili ndo kila dada ananiuliza. Kwa mtu wa kilo kama zangu raundi moja inaunguza kalori kama 70 au 80 hivi, chapati moja ya mafuta haipungui 200. Piga hesabu mwenyewe. Kiuno changu kilishuka kutoka 37 na nusu hadi 36 wiki nane za mwisho, ila kipindi hicho nilikuwa pia nimeacha soda ya mchana na chapati za asubuhi nimebakiza Jumapili, ugali nimepunguza mboga nimeongeza. Siwezi kusema ni mazoezi peke yake na atakayekwambia ni mazoezi peke yake anakudanganya. Na hakuna zoezi la tumbo linaloyeyusha mafuta ya tumbo, misuli ya ndani inakaza ila mafuta yanatoka mwili mzima kwa mpangilio wake.

Sasa kasoro. Kubwa kwangu ni kwamba programu nzima hakuna kuvuta. Unasukuma sakafu, unasukuma kiti, mgongo wa juu haupati kitu, na sisi tunaoshinda tumeinamia kompyuta ndo tunaouhitaji mgongo kuliko wote. Nimeongeza dumu la maji la lita kumi, nainama mgongo umenyooka mkono mmoja nimeegemea stuli, navuta dumu mpaka kiunoni mara 12 kila mkono, kila mwisho wa raundi. Maumivu ya shingo niliyokuwa nayo jioni yamepungua mno.

Kiti nacho. Hivi viti vyetu vya plastiki msivitumie jamani, kwenye marumaru vinateleza na miguu yake inapinda ukikaa upande, mi kilinitoka mkono ukiwa nyuma nikakalia kiwiko wiki nzima kinauma. Tumia ngazi ya mlangoni au benchi la mbao uliloliegemeza ukutani. Na vaa raba, wiki ya tatu nilikuwa naruka peku, ugoko ukaanza kuuma mpaka nashindwa kushuka kwenye daladala vizuri, nikapumzika siku tano, nikavaa raba na kuweka mkeka mnene, haikurudi tena. Tunaokaa ghorofani kuruka alfajiri ni kero kwa mpangaji wa chini, alinigongea kistaarabu, sasa naweka hatua ya pembeni haraka haraka badala ya kuruka na mapigo yanapanda vilevile.

Aplikesheni niliyoanza nayo ilikuwa ya bure na inakatiza na matangazo katikati ya planki na inakula bando, nikaifuta. Nikarekodi sauti yangu kwenye simu nikitaja zoezi na kuhesabu muda, imenitosha mpaka leo, umeme ukikatika haijalishi. Mtoto wangu wa miaka sita siku za Jumamosi ndo anakuwa msimamizi, anapiga kelele "mama bado kumi!" na yeye anaruka pembeni.

Gharama yote mpaka sasa: mkeka elfu kumi na tano na raba za mtumba elfu ishirini. Nikilinganisha na elfu hamsini za kila mwezi sina swali. Naipa nyota nne kati ya tano kama utafanya raundi mbili au tatu, na mbili tu kama utafanya moja. Anayetaka kujenga misuli mikubwa aende kwenye vyuma, huku atapoteza muda.

Jambo la mwisho na hili ni zito. Wenye presha au shida ya moyo wasifuate programu kama ilivyo. Wale waandishi wenyewe walisema mazoezi ya kujikaza bila kujongea, yani kukaa ukutani, planki na planki ya ubavu, hayapendekezwi kwa watu hao, wabadilishe waweke ya kujongea. Aplikesheni yangu haikuwa na hilo neno hata sehemu moja, na hilo liliniudhi kuliko matangazo. Mama yangu yupo Muheza, alivyosikia naongelea haya akasema mwanangu na mimi nataka, tukaenda kwanza kliniki anakochukulia dawa wakampima wakamruhusu kidogo kidogo. Kwenye kukaa ukutani tumemuwekea kukaa na kuinuka kwenye benchi, planki tumetoa anasukuma ukuta akiwa amesimama, kuruka tumetoa anatembea palepale, na anapumzika nusu dakika badala ya sekunde kumi, raundi moja tu siku tatu kwa wiki. Akisikia kizunguzungu au kifua kubana anaacha palepale na ananipigia, tumekubaliana hivo.